Kabla ya Kupanda Mikoko na Wanafunzi, Yajue Maji Kwanza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa klabu ya mazingira katika shule iliyo karibu na hori ya Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, Mombasa, tukishirikiana na kikundi cha vijana na akina mama wa mtaa. Walimu wenzangu wanaotaka kuanza kazi kama hii huniuliza kwanza tunapata wapi miche. Ushauri wangu ni kwamba miche itafutwe mwisho. Kwanza yajulikane maji, yaani yanafika wapi, siku gani, na yanabeba nini.

Hori hii hupokea mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu, na kando yake ipo mitaa iliyosongamana watu kama Mikindani. Masika yanapoanza, tope, chupa na nepi huteremka hadi kwenye mizizi ya mikoko, na kipande cha plastiki kilichojiviringisha kwenye mche mchanga huuvutavuta kila maji yanapopwa hadi ukalegea na kung'oka. Kwa hiyo safari za mwanzo ziwe za kuzoa taka na kuzibua vijito vidogo vilivyoziba, hata kama wanafunzi wana hamu ya kupanda.

Kisha waulizeni wavuvi na wazee mahali gani palikuwa na mikoko zamani, na ni ya aina gani. Mlilana huvumilia kukaa mbele kabisa kuelekea maji mengi, mkoko (hapa ni jina la aina moja tu ya mikoko) hufuata, nyuma yake mui na mkandaa, na mchu husitawi hata kwenye ardhi ya juu yenye chumvi kali. Vikundi vingi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia ndefu na ya kijani, na kazi ya mpandaji ni kuichomeka topeni tu. Kwa maoni yangu, urahisi huo umeua miche mingi kuliko kaa na mbuzi. Ikiwa sehemu yenu inaufaa mkoko, wafundisheni wanafunzi kuchagua mbegu yenye shingo ya njano, inayoachia yenyewe ikiguswa, na kuizamisha theluthi moja tu ya urefu wake. Mchu uanzie kitaluni, na viriba vyote vya plastiki, yaani vifuko vya kuoteshea miche, vihesabiwe vikitoka na vikirudi, la sivyo mtakuwa mmeongeza taka mlizokuja kuziondoa.

Ratiba ya shule haina budi kufuata mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, saa inayowafaa watoto, lakini siku hizohizo ndizo yanapojaa kwa nguvu zaidi, tofauti ya kina ikizidi mita 3. Mimi hupendelea siku za mwisho za bamvua, ili miche ya sehemu za chini ipate siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kushika ardhi kabla ya kupigwa na bamvua lijalo. Mkimwalika mgeni rasmi, mwambieni mapema kwamba bahari haisubiri hotuba.

Usalama nao usichukuliwe kuwa jambo dogo. Malapa hubaki topeni, na chaza walioshikamana na mizizi hukata nyayo kama wembe. Kila mtoto avae raba zilizofungwa kamba, na mtu mzima anayelijua eneo atangulie.

Misitu ya mikoko ya Kenya imehesabiwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu ihusishwe kabla ya jembe la kwanza, hata kama nia yenu ni kupanda na si kukata boriti. Kikundi cha mtaa kiwe mwenyeji halisi wa kazi hii, kwa sababu shule hufungwa na wanafunzi huhitimu, ilhali mama anayeishi hatua chache kutoka hori ndiye atakayemwona mkata kuni alfajiri.

Baada ya kupanda, kila darasa lipewe kipande chake na daftari la kuandika miche iliyo hai, iliyokufa, na iliyoota yenyewe. Safu hiyo ya tatu ndiyo ninayoisoma kwanza. Pale miche ya asili inapojitokeza kwa wingi, tunaacha kupanda kabisa, tunaendelea kuzoa taka, na kuwahamishia wanafunzi sehemu nyingine.