Ukifundisha programu sambamba, anza na jibu lililokosewa

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha programu sambamba, yaani zinazogawa kazi moja ili sehemu zake zifanyike kwa wakati mmoja, wiki nne nzima ziliishia kwenye historia: klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja) ya Beowulf iliyoundwa NASA mwaka 1994 kwa kompyuta 16 za kawaida, toleo la kwanza la MPI (kiwango cha programu kutumiana ujumbe) mwaka huohuo, gridi ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, inayounganisha kompyuta za vituo vingi. Wanafunzi waliandika kila kitu, wakafaulu mtihani. Tulipoingia maabara, wengi walishindwa kugawa kazi ya kujumlisha safu moja ya namba kwa nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya programu inayokwenda kwa pamoja. Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi historia inapata nusu saa. Wewe uliyepewa somo hili muhula ujao, usisubiri klasta ambayo bajeti yake bado inazunguka ofisi kwa ofisi. Laptopu za wanafunzi, hata zile za mtumba, zina viini (vitengo vya kuchakata) viwili au vinne, na OpenMP, zana ya kugawa kazi kwa nyuzi, imo tayari ndani ya GCC, kompaila ya bure inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine.

Mimi huanza na kihesabio. Nyuzi mbili, kila uzi unaongeza moja kwenye kigeu kilekile (namba ileile kwenye kumbukumbu), mara 1,000,000. Nauliza darasa jibu litakuwa ngapi. Milioni mbili, wanajibu wote, wengine wakinicheka kwa swali la chekechea. Naendesha programu, inatoka milioni moja na laki kadhaa. Naendesha tena, inatoka namba nyingine. "Mwalimu, mashine yako imeharibika?" Hapo nimewapata.

Kueleza nako kumekuwa rahisi tangu nilipoacha michoro ya vitabuni. Nani hajawahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la michango ya harusi? Unanakili orodha, unaongeza jina lako na ahadi yako, unaibandika upya. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, atakayebandika mwisho anamfuta mwenzake, na shangazi aliyeahidi laki moja haonekani tena. Kihesabio hupotea vivyo hivyo: nyuzi zote mbili zimesoma 41, zote zimeandika 42. Baada ya mfano huo, kufuli, yaani kuruhusu uzi mmoja tu kwa zamu, halihitaji maelezo marefu. Wanafunzi wenyewe husema, "Basi mmoja ashike orodha, wengine wasubiri."

Tahadhari moja, maana iliniumbua mbele ya darasa zima. Usikompaili mfano wa kihesabio kwa -O2, yaani kwa kuiruhusu kompaila ipunguze kazi ili programu iende kasi. Kompaila yangu iliona kitanzi (ile sehemu inayorudiarudia) hakina maana, ikakigeuza kuwa kujumlisha milioni moja kwa mkupuo, na jibu likatoka milioni mbili kamili. Nilisimama pale na hotuba yangu juu ya hatari isiyoonekana. Tumia -O0, isiyopunguza kitu, na ujaribu nyumbani kwanza.

Wakishaweka kufuli, wapimishe muda. Programu yenye nyuzi mbili itakuwa ya polepole kuliko ile ya uzi mmoja, na watakasirika. Waache wakasirike kidogo, kisha ndipo umlete Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta, na hoja yake ya 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha kasi. Kwenye shughuli, vitunguu vinaweza kumenywa na akina mama ishirini, lakini mchele hauivi haraka kwa sababu wapishi wameongezeka. Kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, viini 8 havikupi hata kasi mara 5, na ukileta viini elfu hutaifikia mara 10. Wafanye hesabu hiyo kwa mkono. Wakiisoma kwenye slaidi inapita tu.

Kwenye kusahihisha nina dhambi ya kuungama. Niliwahi kuandika skripti iliyolinganisha majibu ya wanafunzi na jibu langu, tarakimu kwa tarakimu. Karibu nusu ya darasa walipata sifuri. Majibu yao yalikuwa sahihi. Walijumlisha namba za desimali kwa mpangilio tofauti na wangu, basi. Kwenye kompyuta, 0.1 + 0.2 ukaongeza 0.3 inatoka 0.6000000000000001, lakini ukianza na 0.2 + 0.3 unapata 0.6. Niliomba radhi, nikarudisha alama. Sasa skripti inaruhusu tofauti ndogo, na mpangilio wa kujumlisha ni mada ya wiki ya tano.

Gridi naiweka mwisho kabisa, tena kwa vitendo. Ukisimulia ya CERN peke yake, darasa linabaki na picha ya mitambo mikubwa ya watu wengine. Mimi husimika HTCondor, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison miaka ya themanini, kwenye kompyuta za maabara ya kawaida. Mchana watu wanaandika ripoti zao. Usiku, mashine zikikaa bure, zinafanya kazi zetu.

Mwaka wa kwanza wa mpango huo, mlinzi wa zamu alizima swichi kuu ya maabara saa nne usiku, kama alivyoagizwa miaka yote. Asubuhi wanafunzi walikuta hesabu zote zimepotea, wakaja ofisini kwangu wamenuna. Niliongeza sharti kwenye kazi iliyofuata: kila programu ihifadhi hali yake kwenye diski ya seva kila baada ya dakika kumi, na ikiwashwa tena iendelee ilipoishia. Mlinzi sijamwambia aache.