Picha inasema mirija imeziba. Ndiyo sitazaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 32, na mimi na mume wangu tumetafuta mtoto kwa miaka miwili. Juzi nilipigwa picha ya mirija ya uzazi, ile ya kuwekewa dawa kupitia mlango wa kizazi. Maumivu yalinishika ghafla, nikakaza mwili mzima, wakamaliza harakaharaka. Majibu yanasema mirija yote miwili imeziba pale inapoanzia kwenye kizazi. Tangu hapo silali. Ndiyo sitazaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye neno moja: ulikaza.

Kizazi ni msuli, nacho hukaza. Pale mrija unapotokea kwenye kona ya kizazi, njia yake ni nyembamba mno na imezungukwa na msuli huo. Msuli huo ukibana, dawa hugota hapohapo, na eksirei huonyesha kilekile ambacho kingeonekana kama pana kovu. Hata ute mzito huweza kuziba hapo kwa muda. Karatasi yako mimi naisoma hivi: siku ile dawa haikupita. Zaidi ya hapo haijasema.

Ingekuwa mrija umeziba mwishoni, karibu na ovari, ukavimba kwa maji, ningekujibu vingine. Hilo halitokani na kukaza, na maji yale hupunguza hata uwezekano wa mimba ya kupandikizwa; mara nyingi hushauriwa mrija huo utolewe au ufungwe kwanza.

Omba kipimo kirudiwe, damu ya mwezi ikishakatika na kabla yai halijapevuka, kwa wengi kati ya siku ya 6 na ya 11. Muulize daktari wako kama unaweza kumeza ibuprofeni saa moja kabla, na mwambie anayepima asukume dawa polepole, akusubiri ukisema subiri. Una haki hiyo. Isipopita tena, iko njia ya kupitisha mpira mwembamba hadi mlangoni mwa mrija, au laparoskopia, yaani kamera ndogo inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo, ambapo daktari huona kwa macho yake kama rangi iliyosukumwa kupitia mirija inamwagika tumboni. Kama umewahi kuugua klamidia (ugonjwa wa zinaa), kifua kikuu, au kidole tumbo kilichopasuka, mweleze mapema. Hapo mimi ningeelekea laparoskopia bila kukawia, kwa sababu eksirei haioni makovu yaliyoushika mrija kwa nje.

Kwa kuwa ulipimwa juzi tu: ukipata homa, maumivu yanayozidi au uchafu wenye harufu, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na mumeo? Hukuniandikia kama amepima mbegu. Kipimo chake hakina maumivu, kilipaswa kutangulia chako. Aende wiki hii, kabla hujalala tena kwenye ile meza.