«Ne» imeenda wapi?

Papa Mwalimu, kwenye korali yetu ya vijana tunajifunza «Le Déserteur» (mtoro wa jeshi), wimbo wa zamani wa Ufaransa. Mtu anamwandikia rais barua kwamba haendi vitani. Kiongozi wetu anasema Kifaransa chake kina makosa: badala ya «c'est pas» (si kwamba) tuimbe «ce n'est pas», yenye ile «ne» ya kukanusha ambayo Kifaransa cha shuleni kinaidai. Tusahihishe?
Msomaji, Kadutu, Bukavu

Msiguse, mwanangu. Kosa hilo nimeshalifanya mimi. Nilipokuwa nafundisha Kifaransa hapa Bukavu niliandika ubeti huo ubaoni, nikairudisha «ne» kwa chaki nyekundu. Kijana wa dawati la nyuma akajaribu kuuimba, akakwama: silabi moja imezidi. Darasa zima likacheka, nikafuta.

Boris Vian, mwandishi Mfaransa, aliandika maneno hayo mwaka 1954, Ufaransa ikipigana Indochina, koloni lake la Asia. Mwimbaji Mouloudji aliyaimba tarehe 7 Mei mwaka huohuo, siku ambayo Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa huko, ilianguka. Redio zikaufungia.

Sasa sikiliza mtu wa barua anavyoongea. Anaanza «Monsieur le Président», na anatumia «vous», «wewe» ya heshima, hadi mwisho. Ni kama mtu wa kwetu anayevua kofia mbele ya mwami, mfalme wa jadi. Halafu, kofia ikiwa mkononi, anasema «c'est pas pour vous fâcher», yaani si kwamba nataka kukukasirisha, kwa Kifaransa cha jikoni, kile unachoongea na jirani ukimenya mihogo. Hata «je vous fais une lettre», nakufanyia barua, ni hivyohivyo. Mwenye diploma angesema «je vous écris», nakuandikia. Siasa ya wimbo imekaa hapo. Angemtukana rais, tungesema ni mlevi, tungepita. Huyu anakataa kwa adabu, na unamsikia ni mtu wa kawaida tu, amepokea karatasi za jeshi, anatakiwa aondoke kabla ya Jumatano jioni. Mkimrudishia «ne», barua itakuwa ya karani. (Na mtaimba nje ya mdundo, jambo ambalo kiongozi wa korali alipaswa kuliona kabla yangu.)

Kuna kitu kingine mkitazame kwenye karatasi yenu. Mwishoni Vian alikuwa ameandika kwamba mtoro ana silaha na anajua kupiga. Mouloudji aliona ni kali mno, ikabadilishwa: hana silaha, askari wampige wakitaka. Mouloudji pia alimwondoa rais, akaimba «Messieurs qu'on nomme grands», mabwana mnaoitwa wakubwa. Karatasi ikianza hivyo, mna toleo lake. Mimi ningeomba lenye rais.