Maswali yenu: Makanisa ya kijijini ya Gothi mamboleo

Kanisa la kijiji chetu lina matao yaliyochongoka kama ya zama za kati, lakini jiwe la msingi linasema 1868. Tuamini lipi?

Aminini jiwe. Gothi, mtindo wa ujenzi wa zama za kati wenye matao yaliyochongoka, ilianzia Ufaransa: sehemu ya madhabahu ya kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, iliwekwa wakfu mwaka 1144. Kanisa lenu ni la wale walioufufua mtindo huo karne ya 19, na hilo halilipunguzii heshima hata kidogo.

Dalili zipo ukutani. Kanisa la kale kwa kawaida liliongezwa kidogo kidogo, kwa hiyo dirisha hili halifanani na lile, na ukuta mmoja ni mnene kuliko mwenzake. La karne ya 19 lilichorwa lote kwa mkupuo mmoja, kulia na kushoto sawasawa, na mara nyingi matofali yake yanalingana kwa sababu yametoka kiwandani. Mkiweza, pandeni juu ya dari. Mara nyingi kuba linaloonekana la mawe ukiwa chini ni lipu tu iliyopigwa juu ya mbao.

Kwa nini kijiji kidogo kilitaka mtindo wa makanisa makuu?

Kwa sababu waliamini ndio mtindo wa Kikristo hasa. Msanifu majengo Mwingereza, Augustus Pugin, aliitetea imani hiyo kwa nguvu zote, na ndiye aliyesanifu mapambo ya ndani ya Bunge jipya la London baada ya lile la zamani kuungua mwaka 1834. Mwaka 1839 kikaanzishwa chama huko Cambridge kilichohimiza wajenzi waige makanisa ya parokia ya zama za kati, si makanisa makuu peke yake. Ujerumani nako, miongozo ya Waprotestanti iliyotolewa katika mji wa Eisenach mwaka 1861 ilipendekeza Gothi. Basi mtindo ukafika hadi vijijini.

Tao lililochongoka lina kazi, au ni pambo?

Lina kazi. Tao la nusu duara husukuma kuta kwa nje kwa nguvu zaidi. Lililochongoka huteremsha sehemu kubwa ya uzito kuelekea chini. Msukumo unaobaki hupokewa na zile nguzo nene zilizoshikamana na ukuta kwa nje. Ila kama kuba lenu ni la lipu na mbao, nguzo hizo zimebeba kazi ndogo kuliko zinavyoonekana.

Je, madhabahu lazima ielekee mashariki?

Ilipendelewa, lakini umbo la kiwanja au barabara viliweza kuligeuza kanisa.

Matofali yanamenyeka. Fundi anataka kuziba viungo kwa saruji. Tumruhusu?

Hapana, msimruhusu, walau si kabla ya kujua kilichomo. Makanisa mengi ya wakati ule yalijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini na hupitisha unyevu. Mvua ikiingia ukutani, maji hutoka kupitia viungo. Saruji ikivifunga, maji hutafuta njia ndani ya tofali lenyewe, huacha chumvi karibu na uso, na uso huo hubanduka vipande vipande. Penye baridi kali barafu huzidisha uharibifu. Nimeona kuta ambazo saruji imebaki imesimama kama fremu, na matofali yameliwa ndani yake.

Kwangueni kipande cha kiungo cha zamani mahali pasipoonekana. Kikisagika kwa kucha, kuna uwezekano mkubwa ni chokaa. Tafuteni mwashi anayeijua. Kabla ya hapo, kagueni mifereji ya paa, maana mara nyingi unyevu huanzia huko.