Kabla hujamimina mafuta ya mimea kwenye chakula cha samaki wa bahari

Wengi wanaokuja kuanza kazi kwenye kiwanda chetu cha chakula cha samaki, hapa Industrial Area, Nairobi, wamesoma kwa perege. Perege ukimpa mafuta ya soya au ya kitani, mwili wake unaweza kujitengenezea EPA na DHA, zile asidi ndefu za omega-3. Samaki wengi wa bahari hawaiwezi kazi hiyo, au wanaiweza kidogo mno. Asidi hizo lazima wazikute tayari kwenye chakula. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiona cheti cha mafuta ya kitani kimeandikwa omega-3, usishangilie. Uliza ni omega-3 ipi. Ya kitani ni ile fupi.

Sikukatazi kutumia mafuta ya mimea. Mafuta ya samaki yanategemea sana dagaa wa Peru, na El Niño ikija wakaadimika, bei hupaa. Samoni wa Norwe siku hizi hula mafuta mengi ya kanola kuliko ya samaki. Ila angalia unga wa samaki uliobaki kwenye fomula yako: nao una mafuta yake, yenye DHA. Unga ukiwa wa kutosha, unaweza kubadilisha sehemu kubwa ya mafuta na samaki asidumae. Ukipunguza unga na mafuta kwa mpigo mmoja, umemnyima kotekote. Na vifaranga wachanga waachie mafuta ya samaki. Macho na ubongo wao vinajengwa kwa DHA.

Sasa habari ya kuchacha, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Mwaka wangu wa kwanza nilipima pipa la mafuta ya kitani lililokaa ghalani miezi mingi. Nilikuwa napima peroksaidi, yaani vitu vinavyojitokeza mafuta yanapoanza kuchacha. Unadondosha dawa ya thiosalfeti mpaka ule ubuluu wa wanga utoweke; peroksaidi zikiwa nyingi, matone huwa mengi. Matone machache tu, ukatoweka. Nikaandika: peroksaidi chini, mafuta mazuri. Mama aliyekuwa mkuu wa maabara akapaka tone kiganjani, akasugua, akanisogezea puani. Yalinuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Peroksaidi hupanda, kisha huvunjika zikawa vitu vingine vibaya vilevile, ambavyo kipimo kile hakivioni. Pipa lililochacha kabisa laweza kukupa namba ndogo kuliko lililoanza kuchacha juzi. Pima anisidini pia, kipimo kinachoona hivyo vitu vya baadaye, halafu nusa. Kumbuka gunia lako linatoka kwenye baridi ya Nairobi kwenda kukaa kwenye joto la Kilifi, kwa mfugaji wa samaki aina ya mwatiko asiye na maabara.

Baridi yenyewe ina mambo yake. Julai mafuta ya mawese huganda chini ya pipa, juu yakabaki maangavu. Ukichota sampuli juu, umepima nusu ya pipa, na magunia ya asubuhi hayatafanana na ya jioni. Sisi siku hizo hulipasha pipa moto taratibu, tukalikoroga mpaka chini, ndipo tunachota.