Baketi ya theluji haibebi mchanga, soma hii kabla hujalipa hela ya loda

Ukienda kuangalia loda mtumba, ile mashine ya tairi nne inayochota mzigo kwa baketi ya mbele, najua utafungua boneti, utasikiliza injini, utaangalia masaa na tairi. Sawa, ila naomba pia uende mbele ukaitazame ile baketi vizuri, maana mimi sikuitazama na ikanigharimu.

Mashine yangu ilitoka Japani, kama tani 10 hivi, injini safi kabisa, na mbele ilikuwa na baketi pana ajabu ya mita za ujazo 3. Muuzaji akaniambia nimepata bahati, loda za saizi hii nyingi zinakuja na ya kama 1.7 hivi, kwa hiyo tipa nitazijaza haraka. Nikalipa. Siku ya kwanza kazini ilikuwa Buhongwa, hapa Mwanza, mvua za vuli zimeshapiga, mchanga umelowa mpaka chini, opereta akachota akainua, na tairi za nyuma zikaacha ardhi. Akashusha haraka, na nashukuru Mungu hakukuwa na kijana yeyote amesimama karibu. Akaniambia bosi hii baketi sio ya mchanga. Nikamwambia basi uwe unachota nusu, lakini tipa zikipanga foleni na madereva wanapiga honi nani anakumbuka nusu? Haikupita wiki 3 silinda za kunyanyulia zikaanza kuvuja oili, pini zikalegea, ekseli ya mbele ikawa inalia.

Fundi mmoja wa Igoma ndo alinifungua macho. Akagonga bati, jembamba. Akanionyesha matundu ya boliti kwenye ukingo wa chini, akasema hapa palifungwa mpira ili isichubue lami, hii kaka ni ya kuzolea theluji, sehemu kama Hokkaido, kaskazini mwa Japani, wanazitumia sana.

Hesabu yenyewe ni hii. Theluji iliyoanguka leo, mita moja ya ujazo ina kilo 100 hivi tu, na hata ikishindiliwa na kulowa inafika kama 500. Mchanga wetu ukilowa ni kama 1,900. Kwa hiyo baketi ya mita 3 kule inabeba tani moja na nusu ikizidi sana, hapa kwetu inabeba karibu tani 6. Na loda haitakiwi kubeba zaidi ya nusu ya ule uzito unaoiinua matako ikiwa imekata kona, namba hiyo imo kwenye kitabu cha mashine, iombe. Kwa yangu nusu yake ni tani 3 na kidogo. Ukipiga 1.7 mara 1,900 unaona kabisa kwa nini kiwanda kilichagua 1.7, hawakuwa wanabana chuma.

Kwa hiyo anza na mzigo wako, ndo uje kwenye saizi. Kama kazi ni mawe, na Mwanza utayakwepea wapi, basi chukua baketi ndogo zaidi, bati nene, yenye meno yanayobadilishika. Ya theluji ukiipeleka kwenye granaiti itapinda ukingo mapema sana. Magugu maji nayo yanadanganya watu, yanaonekana mepesi ila baketi iliyozibwa inazoa na maji, na mita moja ya maji ni tani nzima, chukua ile yenye nafasi katikati maji yachuruzike.

Kuna pia bleidi za theluji zinauzwa, zile zenye springi nyuma. Usiinunue kwa kusawazisha barabara ya vumbi, chini imetengenezwa ikunjike ikigonga kitu kigumu, ukikutana na udongo uliokauka inakunjika tu na kazi haiendi. Ila yenye ukingo wa mpira nimeiona ikisukuma tope kwenye lami baada ya mvua kubwa na lami ikabaki salama, hiyo kazi inaiweza.

Ile baketi yangu sikuiuza chuma chakavu. Naifunga msimu wa mpunga, pumba nazo ni nyepesi karibu sawa na theluji mpya, tunajaza mpaka juu na mashine haihisi kitu.

Ukienda kutafuta baketi nyingine beba futi kamba. Pima unene wa pini, upana wa ndani kati ya masikio (vile vyuma vya nyuma ya baketi vinavyoshika pini), na umbali toka katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya la chini, pande zote mbili za mashine. Piga picha na kile kibati cha namba ya mashine, umtumie fundi kabla hujatoa hata shilingi ya advansi. Mimi ya mchanga niliipata kwa njia hiyo, ikaingia pini siku hiyohiyo bila kuchomelea popote.