Kutoka Bukavu kwenda kwa mwami, Nyanza: usiibane safari katika siku moja

Wengi wanaotoka Bukavu kwenda Nyanza kuona makao ya zamani ya mwami, yaani mfalme, wa Rwanda hukosea hesabu mapema: wanataka kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Barabara inapita ndani ya msitu wa Nyungwe, kona juu ya kona. Ukifika Nyanza alasiri utazungushwa mbiombio huku unawaza basi la kurudi. Panga siku mbili, ulale Huye, mji ulio kabla ya Nyanza.

Karatasi kwanza. Jetoni, kile kibali kidogo cha mpakani, ni ya kuzungukia Kamembe, mji wa Rwanda wa mpakani, na jirani zake. Kwa Nyanza chukua pasipoti au lesepase (hati ya kusafiria). Toa vitu kwenye mifuko ya plastiki kabla ya mpaka wa Ruzizi ya kwanza, la sivyo utanyang'anywa mfuko na kubaki na mihogo mikononi. Moto, yaani pikipiki ya abiria, ng'ambo hubeba mtu mmoja, mwenye kofia ngumu. Basi huondoka kwa saa, si likijaa: kata tiketi siku moja kabla, na uulize kama linapitia Huye. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, asubuhi magari hayatembei. Sisi Wakongo tumezoea salongo, kazi kama hiyo ya kwetu, ya kukwepeka; ile haina mchezo.

Kamembe yenyewe ina sehemu yake katika habari hii. Mwami Musinga, aliyeondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, alihamishiwa hapo, kisha akapelekwa Moba, kwetu Kongo, ambako alifariki. Ukijua hilo, nyumba utakazoziona Nyanza zitakusemesha zaidi.

Nyungwe uione kwa dirisha, koti likiwa mwilini, maana juu kule ni baridi kweli. Kushuka Uwinka, kituo cha humo msituni, kutazama daraja la juu ya miti ni vizuri, ila uwe umeshapanga gari la kuendelea. Mabasi ya nyuma mara nyingi hupita yamejaa, na hapo ndipo safari za watu huharibikia.

Mji wa Nyanza hauko kwenye barabara kuu. Shuka njia panda, chukua moto hadi Rukari, yalipo makao yenyewe. Unapolipa, omba kiongozi anayesema Kiswahili au Kifaransa, na uulize masharti ya picha kabla ya kutoa simu. Anza na nyumba ya nyasi ya mwami. Imejengwa upya kwa mfano wa zile za zamani. Ukishainama mlangoni, simama kidogo macho yazoee giza, kisha tazama juu: ufumaji wa paa ndio kazi yenyewe, na wengi hutoka bila kuuona. Nyuma kuna vibanda viwili, cha maziwa kilichotunzwa na msichana asiyeolewa, na cha pombe kilichotunzwa na kijana. Halafu nenda kwa inyambo, ng'ombe wa pembe ndefu ajabu, wanaoimbiwa na wachungaji wao. Mshi halisi, mtu wa kabila la wafugaji la huku Bukavu, hapa atachelewa, mwacheni. Usiguse pembe bila ruhusa ya mchungaji.

Nyumba ya matofali ya Rudahigwa, mwana wa Musinga na mwami aliyemfuata, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, iwe ya mwisho. Ukianza nayo utaona viti na meza tu. Ukiwa umetoka kwenye nyasi, utaona jinsi utawala ulivyogeuka katika kizazi kimoja. Muda ukibaki, panda Mwima, kwenye kaburi lake.

Ununuzi ufanye Huye siku ya pili, ukirudi, usibebe mizigo bure. Kikapu cha agaseke kipindue kwanza: katikati ya kitako, pale mfumaji alipoanzia, pasiwe na tundu wala uzi uliolegea. Zungusha kifuniko mduara mzima. Kikicheza upande mmoja, mdomo umepinda na hautanyooka. Lowesha kidole usugue nyuzi nyeusi. Rangi ikitoka, itachafua nyeupe mvua ya kwanza ya Bukavu. Chombo cha mti cha maziwa kikiwa kizito kuliko ukubwa wake na baridi mkononi, mti haujakauka, nao utapasuka kitakoni ukifika nyumbani. Sema bei yako ukiwa umeshika kimoja. Ukishika vitatu, muuzaji ameshajua umependa.

Kwenye basi, kikapu kibebe mapajani bila kukijaza nguo, maana kitapanuka na kifuniko hakitafunga tena. Omba risiti, uitie mfuko wa shati; watu wa duani (forodha) wakiuliza, usianze kufungua mizigo foleni ikiwa nyuma yako.